Mbegu za Kinoa kwa Mazingira Mapya: Mapitio ya Kinachoahidiwa na Kinachoota

Pakiti ya kwanza ya mbegu za kinoa niliyowahi kununua ilikuwa na ahadi nne mgongoni: kwamba mmea huu unastahimili ukame, chumvi, baridi na joto. Jina la aina halikuwapo. Wala haikuelezwa mbegu hizo zilitokana na kinoa ya sehemu gani, zilijaribiwa katika latitudo ipi, au zingekomaa baada ya siku ngapi. Nilizipanda katika msimu wenye mchana mrefu. Ziliota vizuri, zikarefuka hadi kunipita kimo, zikatoa mashuke makubwa ya zambarau ambayo kila aliyepita aliyasifia, na nilipokuja kuyapura nilipata punje chache, nyembamba, nyingine tupu kabisa. Muuzaji simtaji, kwa sababu nilipoanza kusoma habari za zao hili niligundua kwamba maneno yake ni yale yale yanayorudiwa na wengi, na kwamba hakuna hata moja kati ya ahadi zile ambalo ni uongo mtupu. Shida ilikuwa kwingine.

Mapitio haya basi si ya pakiti ile peke yake. Ni ya bidhaa nzima inayoitwa kinoa iliyoboreshwa kwa ajili ya mazingira mapya, yaani mbegu zinazotoka katika vituo vya utafiti vya Amerika Kusini, Ulaya, Marekani na nchi za jangwa, ambazo leo mtu anaweza kuzinunua na kuzipanda mbali sana na milima ya Andes. Hoja yangu kubwa ni kwamba ahadi zile nne ni za kinoa kama spishi, ilhali mkulima hanunui spishi. Hununua aina moja yenye uwezo wake na mipaka yake. Nimejaribu kuipima kazi ya watafiti kwa kipimo hicho: aina zilizotoka mikononi mwao zinafanya nini hasa, na zinashindwa wapi.

Kinoa si nafaka ya jamii ya nyasi kama ngano au mtama. Ni ndugu wa mchicha na spinachi, na pia ni ndugu wa magugu kadhaa ambayo wakulima wa mabara mengi huyang'oa bila kuyauliza ukoo wao. Ilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika eneo la Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, kwenye mwinuko wa takribani mita 3,800 kutoka usawa wa bahari. Kutoka huko wakulima wenyewe waliisambaza kaskazini na kusini, na kwa kuchagua mbegu mwaka hadi mwaka wakaigawa katika makundi ambayo wataalamu huyahesabu kuwa matano: kinoa ya mabonde ya Andes, kinoa ya uwanda wa juu uitwao Altiplano, kinoa ya maeneo ya chumvi ya kusini mwa Bolivia, kinoa ya miteremko yenye unyevu ya Yungas, na kinoa ya Chile inayolimwa karibu na usawa wa bahari.

Ukiyajua makundi hayo, ile pakiti inasomeka upya. Sifa ya kuhimili baridi imeletwa na kinoa ya Altiplano, ambako jalidi huweza kushuka usiku hata katikati ya msimu. Sifa ya kuhimili chumvi na ukame imeletwa hasa na ile inayolimwa kandokando ya uwanda wa chumvi wa Salar de Uyuni, ambako mvua ni haba na udongo una chumvi ya asili. Kinoa ya Yungas imezoea unyevu ambao zile nyingine zingeuona kuwa maafa. Ya Chile imezoea mchana mrefu wa kiangazi cha kusini. Sifa za watoto watano wa nyumba moja zimekusanywa na kuandikwa katika cheti cha mtoto mmoja, tena mtoto ambaye hata jina hajapewa. Kuhusu joto kali, ambayo ilikuwa ahadi ya nne, utaona kwamba hakuna kati ya hao watano aliyelelewa nalo.

Nianze na pale ambapo watafiti wanastahili sifa bila kusitasita, nako ni kwenye urefu wa mchana. Kinoa kwa asili ni mmea unaoharakishwa kuchanua na mchana mfupi. Katika Peru, Bolivia na Ekuado, ambako mchana hauzidi sana saa 12 au 13 mwaka mzima, jambo hilo halina madhara. Ukiichukua mbegu ile ile ukaipanda mahali ambapo mchana wa kiangazi una saa 15 au 16, mmea hupoteza kalenda yake: huchelewa kuchanua, huendelea kutoa majani na kurefuka, na hata ukishachanua, mchana mrefu pamoja na joto huuzuia kujaza punje. Daniel Bertero na wenzake wa Buenos Aires walilieleza jambo hili kwa majaribio makini mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaonyesha kwamba athari haiishii kwenye kuchanua, bali inaendelea hadi kwenye kujaa kwa punje. Niliposoma maelezo hayo nilikuwa kama mtu anayesomewa ripoti ya shamba lake mwenyewe.

Mlango wa kutokea ulipatikana Chile. Kinoa ya kusini mwa nchi hiyo, iliyolimwa kwa karne nyingi na jamii kama Wamapuche mbali na ikweta, haijali sana urefu wa mchana. Karibu kila aina inayofanikiwa leo kaskazini mwa Ulaya na Amerika Kaskazini ina damu ya kundi hilo. Chile yenyewe ilitoa aina iitwayo Regalona. Denmark, kupitia kazi iliyoongozwa kwa miaka mingi na Sven-Erik Jacobsen, ilitoa Titicaca na Puno. Uholanzi, kupitia watafiti wa Wageningen, ilitoa Carmen, kisha Atlas na Pasto. Aina hizi hukomaa mapema, ni fupi kuliko ndugu zao wa mabondeni, na shuke lake limeshikana vya kutosha kuvunwa kwa mashine. Mtu anayekumbuka kwamba mmea huu, miongo michache tu iliyopita, ulikuwa ukifika wakati wa jalidi ya kaskazini ungali kijani, atakiri kwamba hayo ni mafanikio makubwa. Si bure kwamba nchi zilizokuwa zikiilima au kuijaribu kinoa ziliongezeka kutoka 8 mwaka 1980 hadi 40 mwaka 2010, na kufika 75 mwaka 2014, mwaka mmoja tu baada ya Umoja wa Mataifa kuufanya 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa.

Lakini mafanikio hayo yana upande wa pili ambao wauzaji hawausemi. Aina iliyolelewa kwa ajili ya kiangazi cha Denmark, ukiileta karibu na ikweta ambako mchana una saa 12, huchanua kwa pupa. Itatoa shuke ikiwa bado fupi, itakomaa haraka, na mavuno yake yatakuwa kidogo kuliko yale ambayo aina ya mabonde ya Andes ingetoa palepale, ilimradi mahali hapo pawe na ubaridi wa kutosha. Kwa hiyo maneno "hukomaa mapema", ambayo kwa mkulima wa kaskazini ni sifa, kwa mkulima wa tropiki yanaweza kuwa onyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ambao chini ya Kevin Murphy waliijaribu kinoa kwao Pullman na pia katika nyanda za juu za Rwanda, hawakuchukua aina moja na kuitangaza kuwa mshindi wa kila mahali. Waliichambua upya mahali kwa mahali, na hilo ndilo jambo ambalo pakiti nyingi hazina nafasi ya kulieleza.

Eneo la pili la kusifiwa ni utamu, au tuseme ukosefu wa uchungu. Punje ya kinoa ya kawaida imefunikwa na saponini, kemikali chungu inayotoa povu kama sabuni, ambayo lazima iondolewe kwa kuosha au kukwangua kabla ya punje kuliwa. Wakulima wengi wa Andes huuona uchungu huo kuwa mlinzi dhidi ya ndege na hawana haraka ya kuachana nao. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 nchini Bolivia, Humberto Gandarillas alizalisha aina tamu iitwayo Sajama, na baadaye Wageningen wakafanya kama hivyo kwa Atlas na Pasto. Titicaca na Puno zimebaki chungu. Mnunuzi anayedhani kila mbegu ya Ulaya ni tamu atagundua kosa lake siku ya kupika.

Uchungu huu ulichimbuliwa hadi kwenye mzizi wake mwaka 2017, pale kikundi cha watafiti wa mataifa mengi kilichoongozwa na Mark Tester, kutoka chuo kikuu cha KAUST nchini Saudi Arabia, kilipochapisha katika jarida la Nature jenomu ya kinoa, yaani maelezo yake yote ya kurithi, iliyosomwa kwa kina. Waliitumia kinoa ya pwani ya Chile. Jenomu hiyo ina takribani herufi bilioni 1.5 zilizopangwa katika kromosomu 18, ambazo kwa kuwa zipo kwa jozi hufanya 36 katika seli ya kawaida, na ni muungano wa jenomu mbili za wazazi wawili tofauti waliokutana zamani sana. Kwa hiyo jeni nyingi zipo kwa nakala mbili, na sifa unayoitaka inaweza kujificha nyuma ya nakala ya pili. Katika kazi hiyo walitambua jeni inayoelekea kuongoza utengenezaji wa saponini kwenye punje. Faida yake kwa mboreshaji wa mbegu ni ya moja kwa moja, kwani anaweza kupima jani la mche mchanga na kujua kama punje zitakuwa tamu, badala ya kungoja mavuno.

Hapa kuna jambo dogo ambalo nimeona linawapoteza wengi. Uchungu hutawala utamu: mmea uliopokea jeni chungu kutoka kwa mzazi mmoja na tamu kutoka kwa mwingine huzaa punje chungu. Tena saponini hukaa kwenye ganda la nje la punje, na ganda hilo ni mali ya mmea mama, si ya kiini kilichomo ndani. Ikitokea chavua ya kinoa chungu ikapeperushwa na upepo hadi kwenye shamba la kinoa tamu, mavuno ya mwaka huo yatakuwa matamu kama kawaida, na mkulima hataona dalili yoyote. Uchungu utajitokeza mwaka unaofuata, kwenye mimea iliyoota kutokana na punje zile. Kinoa hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini si kabisa. Kiwango cha kupokea chavua ya jirani hutajwa mara nyingi kuwa asilimia 10 au zaidi. Hicho si kiwango cha kupuuza kwa mtu anayejiwekea mbegu.

Maumbile hayo hayo ya ua ndiyo yanayoifanya kazi ya uboreshaji kuwa ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Ua la kinoa lina upana wa milimita chache tu, yamesongamana mamia kwa mamia kwenye shuke moja, na mengine yana jinsia zote mbili huku mengine yakiwa majike matupu. Anayetaka kuchanganya aina mbili huketi na kibano na lenzi, akitoa stameni, yaani sehemu za kiume zenye chavua, ua moja baada ya jingine kabla hazijapasuka, na kila ua analofanikiwa kulichavusha humpa punje moja tu. Wengine huchovya shuke katika maji ya moto yaliyopimwa ili kuua chavua bila kuua sehemu ya kike. Baada ya hapo hufuata vizazi kadhaa vya kuchagua na kutuliza sifa, na ndiyo maana aina mpya huchukua miaka mingi hata kama vyumba vya kuoteshea vyenye mwanga na joto vinavyodhibitiwa vinapunguza muda huo. Nayaeleza haya kwa sababu mtu akishaona jinsi punje moja ya chotara inavyopatikana, hataona ajabu kwamba ahadi zote nne hazijaingia bado katika mbegu moja.

Tuje kwenye chumvi, ambako hali ni ya kuridhisha lakini imejaa maneno yasiyopimwa. Ni kweli kwamba baadhi ya aina za kinoa huweza kuishi na hata kutoa mbegu zikimwagiliwa maji yenye chumvi inayokaribia ile ya bahari. Neno la kuangaliwa hapo ni "kuishi". Mmea unaostahimili chumvi si mmea usioathiriwa nayo. Mavuno hupungua kadiri chumvi inavyopanda, na mche unaoota ni dhaifu kuliko mmea uliokwisha kushika mizizi. Kituo cha kimataifa cha kilimo cha maeneo ya chumvi kilichopo Dubai, ICBA, kilianza kuijaribu kinoa katika miaka ya 2000, kikapunguza orodha ndefu ya mbegu hadi kubaki na tano walizozipa majina kuanzia ICBA-Q1 hadi ICBA-Q5, na baadaye kikafanya kazi na wakulima nchini Morocco. Naipenda kazi hii kwa sababu ya uwazi wake: ni mbegu zilizochaguliwa kwenye mchanga na maji ya chumvi kwa ajili ya mchanga na maji ya chumvi, na anayezinunua anajua zimetokea wapi.

Kuna somo jingine katika habari ya chumvi. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba vile vijipu vidogo vinavyong'aa kama unga kwenye majani machanga ya kinoa ni maghala ya chumvi, na kwamba ndivyo vinavyouokoa mmea. Baadhi ya watafiti walikwisha kuanza kuvichukua vijipu hivyo kuwa alama ya kuchagulia aina zinazohimili chumvi. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wakapata mimea isiyo na vijipu hivyo, wakaijaribu katika chumvi, na haikufanya vibaya kuliko ile yenye navyo. Tofauti ilionekana kwa wadudu, ambao waliishambulia zaidi mimea isiyo na vijipu. Kumbe ilikuwa ngao, si ghala. Mboreshaji aliyekuwa akihesabu vijipu ili kupata mbegu ya nchi kavu zenye chumvi alikuwa akichagua kitu kingine kabisa, na heshima yangu kwa fani hii imeongezeka kwa sababu iliweza kujisahihisha hadharani.

Joto ndipo bidhaa inapoangukia. Halijoto ikipanda kupita takribani nyuzi 35 wakati wa kuchanua, chavua hudhoofika na maua mengi hubaki bila punje. Mmea wenyewe hausinyai. Husimama kijani na wenye afya, na mkulima hujidanganya hadi siku ya kupura. Kinoa ilikulia kwenye milima yenye usiku baridi, kwa hiyo ndani ya ukoo wake wenyewe hakuna akiba kubwa ya kuhimili joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah, wakiwamo Rick Jellen na Jeff Maughan, wamegeukia ndugu wa porini aitwaye Chenopodium berlandieri, anayeota Amerika Kaskazini hadi maeneo ya joto ya pwani ya Texas, na ambaye huweza kuchanganywa na kinoa. Wazo ni zuri, na nadhani ndiko jibu litakakotoka. Lakini chotara wa porini huja na mizigo yake, punje ndogo nyeusi na uchungu na kupukutika mapema, ambayo lazima ivuliwe kizazi baada ya kizazi. Kwa sasa, pakiti inayoahidi kinoa ya kuhimili joto bila kutaja nyuzi ngapi na katika hatua gani ya ukuaji haistahili kuaminiwa.

Yapo mengine matatu ambayo ni nadra kuyakuta yameandikwa popote pale mbegu zinapouzwa. La kwanza ni ubwiri vinyoya, ugonjwa mkuu wa kinoa duniani, unaoletwa na kimelea kiitwacho Peronospora variabilis na unaoweza kusafiri ndani ya mbegu yenyewe hadi shamba jipya. Aina za maeneo makavu ya Bolivia, zile zile zinazosifiwa kwa ukubwa wa punje, ndizo dhaifu zaidi mbele yake zikipelekwa kwenye unyevu. La pili ni kwamba punje nyingi za kinoa hazina usingizi: zikikomaa na mvua ikanyesha kabla ya kuvunwa, huchipua zikiwa bado kwenye shuke. Huko Altiplano, ambako mavuno hukuta kiangazi kikavu, sifa hiyo haikuwahi kuwa kasoro. Wapo watafiti walioonyesha kwamba baadhi ya kinoa za Chile zina usingizi fulani, nami nashangaa kwa nini jambo hili halijapewa uzito kama ule uliopewa utamu, kwa maana mavuno yaliyochipua shambani hayamsaidii mtu hata yakiwa matamu kama asali. La tatu ni maji yanayotuama. Mmea unaosifiwa kwa ukame haupendi miguu iliyoloa, na miche yake hufa upesi kwenye udongo usiopitisha maji.

Suala la nani mwenye mbegu haliwezi kuachwa nje ya mapitio kama haya, kwa kuwa linaamua nini kinafika sokoni. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walipewa hataza ya Marekani, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya mbinu ya kuzalisha kinoa chotara kwa kutumia Apelawa, kinoa ya Bolivia yenye chavua tasa. Wakulima wa Bolivia, kupitia chama chao cha ANAPQUI, walipinga vikali, na mwaka 1998 hataza hiyo iliachwa. Kumbukumbu yake haijafutika. Kinoa haimo katika orodha ya mazao ambayo mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea umeyawekea utaratibu rahisi wa kubadilishana, na nchi za Andes, hasa Bolivia yenye hazina ya sampuli zaidi ya 3,000, zina sababu ya kuwa waangalifu. Matokeo yake ni kwamba vituo vingi vya nje vimefanya kazi na sampuli zile zile chache zilizotoka Andes miongo kadhaa iliyopita, na aina nyingi za kibiashara ni binamu wa karibu mno. Siwalaumu Wabolivia. Mtu aliyelinda mbegu kwa maelfu ya miaka ana haki ya kuuliza atapata nini. Lakini mnunuzi ajue kwamba majina kumi tofauti katika katalogi hayamaanishi vyanzo kumi tofauti, na kwamba aina nyingi za Ulaya zina hakimiliki inayombana anayetaka kuzalisha na kuuza mbegu zake.

Baada ya hasara ya mwaka wa kwanza nilinunua pakiti nyingine, aina tamu iliyotoka Uholanzi, safari hii ikiwa na jina, muda wa kukomaa, na maelezo kwamba ilijaribiwa chini ya mchana mrefu. Maelekezo yalisema mbegu ifukiwe kina cha sentimita moja au mbili tu, na kitanda kiwe laini, kwa sababu punje ya kinoa ni ndogo na haina nguvu ya kuinua tabaka gumu la udongo. Nilifuata. Uotaji haukuwa sawa kila mahali, na wiki nne za kwanza nilipambana na magugu ambayo kwa macho ni vigumu kuyatofautisha na zao lenyewe, kwa vile ni ya ukoo mmoja; hilo si kosa la aina, ni sifa ya zao, ingawa lingetajwa lisingeharibu kitu. Mimea ilibaki chini ya kifua changu, ikakomaa pamoja, na punje zilikuwa zimejaa. Kwa mazingira iliyotengenezewa, mbegu ile ilifanya kile ilichosema, si zaidi na si pungufu, na kwa kipimo changu hiyo ni bidhaa nzuri.

Kwa anayetaka kununua, ningependa aulize kwanza aina imejaribiwa chini ya mchana wa saa ngapi, kisha joto la wakati wa kuchanua lilikuwa nyuzi ngapi, kisha kama ni chungu au tamu, na mbegu ilivunwa lini, kwani mbegu ya kinoa iliyohifadhiwa kwenye joto na unyevu hupoteza uwezo wa kuota haraka. Muuzaji anayeyajibu haya manne anajua anachouza. Asiyeyajibu huenda anauza chakula kilichofungwa kama mbegu; na zipo punje za dukani zilizokwanguliwa ili kuondoa saponini, ambazo nyingi haziwezi tena kuota.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa moja. Katika msimu ule wa pili, kwa ajili ya kulinganisha, nilipanda pia kilichobaki cha ile pakiti isiyo na jina, hatua chache tu kutoka kwenye aina tamu, na zikachanua kwa wakati unaokaribiana. Nilijiwekea mbegu kidogo za ile tamu kwa ajili ya majaribio yangu. Msimu huu nimevuna mashuke ishirini kutoka kwenye mbegu hizo, kila moja peke yake, nikachukua punje za kila shuke nikazitia katika kichupa chenye maji na kukitikisa kwa nguvu kwa nusu dakika. Vichupa kumi na saba vilitulia mara moja. Vitatu vilisimamisha povu jeupe lenye kimo cha kidole, ambalo dakika kumi baadaye lilikuwa bado halijashuka.